Beni na Butembo Wangalichagua Nani? Juu ya Kura ya Mwaka 2018

Watu wanaosoma historia wanapenda kujiweka mahali pa wazee wa zamani na kuuliza: kama tungalikuwa pale siku ile, tungalichagua nani? Huko Ulaya swali hili linaulizwa sana juu ya Ujerumani. Tarehe 5 mwezi wa 3, 1933, chama cha Hitler kilipata kura karibu 44 kwa mia. Chama cha Wakatoliki, jina lake Zentrum, kilipata karibu 11 kwa mia. Leo kila mtu anajibu upesi kwamba yeye asingalimchagua Hitler. Jibu hilo ni jepesi, kwa kuwa anayejibu anajua mwisho wa mambo. Lakini wabunge wa Zentrum wenyewe, siku 18 tu baada ya uchaguzi ule, walikubali sheria iliyompa Hitler uwezo wote. Basi tusijisifu kwa kura ambazo hatukupiga.

Sisi watu wa Butembo na Beni tuna swali la namna hiyo, lakini letu ni chungu zaidi. Siku ya uchaguzi tulikuwa hai, majina yetu yalikuwa yameandikwa, kadi zilikuwa mkononi. Tukaambiwa: ninyi bado.

Tukumbuke mambo yalivyokuwa. Tarehe 1 mwezi wa 8, 2018, serikali ilitangaza ugonjwa wa Ebola kule Mangina, katika teritwari ya Beni. Tangu mwaka 2014 watu wa upande huo walikuwa wakiuawa kwa mapanga na kwa bunduki. Hata hivyo masoko yalifunguliwa, watoto walikwenda masomoni, wakristo walikusanyika kanisani, na wakubwa wa vyama walikuja kutafuta kura. Martin Fayulu wa muungano wa Lamuka, aliyetegemezwa na Antipas Mbusa Nyamwisi, mtoto wa inchi hii, alipokelewa hapa na watu wengi sana. Kisha, tarehe 26 mwezi wa 12, siku nne tu mbele ya kura, tume ya uchaguzi, ndiyo CENI, ilitangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi watachagua katika mwezi wa 3, 2019. Sababu zilizotolewa kwetu zilikuwa ugonjwa na vita. Yumbi, huko Mai-Ndombe, watu mamia walikuwa wamekwisha kuuawa katikati ya mwezi ule. Lakini raisi mpya aliapa tarehe 24 mwezi wa 1. Tulipopiga kura tarehe 31 mwezi wa 3, tulichagua wabunge tu. Kwa kiti cha raisi, mlango ulikuwa umekwisha kufungwa.

Je, kura zetu zingaligeuza mambo? Tuhesabu pole pole, bila hasira. CENI ilitangaza kwamba Félix Tshisekedi alipata kura 7.051.013, naye Fayulu 6.366.732. Tofauti yao ni 684.281. Walioachwa katika pande zile tatu walikuwa karibu 1.250.000. Wengi waliposikia hesabu hiyo walisema: tazameni, sisi tulikuwa wengi kupita tofauti! Ni kweli. Lakini si kila aliyeandikwa anakwenda kupiga kura. Katika inchi nzima walikwenda karibu 48 kwa mia. Kama kwetu wangalikwenda kwa kadiri ile ile, kura zingalikuwa karibu laki sita, na hata zote zikimwangukia mtu mmoja zisingalifunika tofauti. Ingalilazimu watu 55 katika kila mia waende, na wote wawe na wazo moja. Tena hesabu hiyo inasimama juu ya namba za CENI, nalo baraza la maaskofu, CENCO, lililotuma watazamaji karibu 40.000, lilisema kwamba namba hizo hazipatani na zile walizokusanya wao.

Kuna ushuhuda mwingine. Tarehe 30 mwezi wa 12, inchi yote ilipokuwa ikichagua, watu wa Beni walijitengenezea uchaguzi wao wenyewe. Maelfu walisimama kwa mstari, wakanawa mikono kwa ajili ya Ebola, wakapiga kura. Fayulu alishinda kwa mbali. Mwandishi wa historia aupokee ushuhuda huu kwa heshima, lakini aupime. Waliokuja siku ile ni wale waliochukizwa. Aliyekuwa akimpenda Emmanuel Ramazani Shadary, mtu wa upande wa serikali, angalikuja kusimama katika mstari ule? Kwa hiyo kura ya Beni haitupi hesabu ya kweli ya namna mji wote ungalichagua. Inatuonyesha jambo lingine lililo wazi kabisa: watu walioambiwa kwamba ugonjwa unawazuia kusimama pamoja walisimama pamoja kwa utaratibu.

Si mara ya kwanza katika Kongo kuwa na sauti isiyosikiwa. Katika uchaguzi wa mwezi wa 5, 1960, wanaume peke yao walipiga kura. Mama zetu wangalichagua chama gani? Hakuna anayejua, wala hakuna aliyewauliza. Mwaka 1970 wote waliitwa, wanaume kwa wanawake, lakini jina lilikuwa moja tu, la Mobutu: karatasi ya kijani kwa kukubali, nyekundu kwa kukataa. Wakatangaza kura za kukubali zaidi ya milioni 10, na za kukataa 157. Mara ya kwanza nusu ya watu waliachwa inje. Mara ya pili wote waliingizwa ndani, lakini bila la kuchagua. Mwaka 2018 walichagua wengine, nasi tukangojeshwa mpaka kazi ikaisha.

Wako wanaosema: kama kura zenu zisingaligeuza kitu, mnalia nini? Tuwajibu kwa desturi ya kwetu. Siku ya kupokea mbuzi za mahari, jamaa yote inaitwa. Baba mdogo asipoitwa, haitoshi kumwambia kesho yake: wewe ulikuwa peke yako, neno lako lisingalizidisha hata mbuzi moja. Atajibu: sikudai kushinda, nilidai kuitwa, kwa maana mtoto ni wetu sote. Ndivyo ilivyo kura. Sheria kubwa ya mwaka 2006 inasema kwamba kura ni ya wote na ni sawa kwa wote. Haisemi kwamba ni ya wale tu wanaoweza kugeuza hesabu.

Basi tuache kubishana kila siku tungalichagua nani. Swali hilo halina jibu, na wale walioficha jibu wanafurahi tukiendelea kulitafuta. Swali la pili ndilo linalotungoja sasa. Tarehe 20 mwezi wa 12, 2023, Beni na Butembo walipiga kura ya raisi. Lakini ndugu zetu wa Masisi na wengi wa Rutshuru hawakupiga, kwa sababu ya vita ya M23. Siku ile wangapi kati yetu waliwakumbuka? Wangapi walisema, kama tulivyoambiwa sisi, kwamba kura za wale hazitageuza kitu? Aliyelia mwaka 2018 kwa kuachwa anajua maneno ya kusema kwa ajili ya aliyeachwa mwaka 2023. Asipoyasema yeye, nani atayasema?