"Na Mimi Niko Wapi?" Historia ya Watu Waliopotea kwa Picha

Mathe anayechoma mahindi karibu na Archives aliangalia picha yangu kitambo, akaielekeza kwa taa ya duka, kisha akaniuliza swali moja: "Na mimi niko wapi?"

Nilikuwa nimemwahidi kwamba yuko ndani. Jioni ile alikuwa mita chache mbele yangu, anapepea jiko, anageuza mahindi, anarudisha chenji. Kwa picha jiko lipo. Makaa yanaonekana kama kidoa cheupe. Mathe hayupo.

Wacha nieleze, juu hii si stori ya kamera mbovu. Ni stori ya karibu miaka 200.

Nimepiga picha za filamu kwa miaka minne, zote mchana. Kamera yangu ni Pentax K1000 ya mkono wa pili, kila kitu unajifanyia, betri ni ya mita ya mwanga tu. Mchana shata inafunguka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, tuseme 1/250, na mtu anayetembea anaganda hapo hapo. Mwaka huu nikaamua kujaribu usiku. Usiku unaweka kamera kwa tripodi, unazungusha kidude hadi herufi B, unafinya kebo, na shata inabaki wazi hadi uiachilie. Mwanga kidogo unajikusanya polepole, kama maji ya mvua kwa ndoo.

Roli ya kwanza ilitoka giza. Hapo ndio nilikutana na Karl Schwarzschild, yule Mjerumani ambaye watu wa sayansi wanamjua kwa hesabu za mashimo meusi ya angani. Kabla ya hayo, mwishoni mwa miaka ya 1890, alikuwa Vienna akipima mwangaza wa nyota kwa kuzipiga picha. Akaona kwamba mwanga hafifu ukikaa kwa muda mrefu haufanyi kazi sawa na mwanga mkali wa muda mfupi, hata kama kwa hesabu jumla ni ile ile. Ni kama filamu inachoka. Kwa hivyo lazima uiongezee muda. Kwa HP5 ninayotumia, mita ikisema sekunde 10, unaipa kama 20. Ikisema 30, unaipa kama 86.

Roli ya pili nikafuata hesabu. Manze, ilitoka safi. Jengo la Archives limesimama wima, kila dirisha linaonekana, na taa za matatu zimekuwa kamba ndefu za mwanga kwa Tom Mboya. Nikaposti. Watu wakaandika kwamba Nairobi inakaa majuu, kwamba tao ni safi, hakuna msongamano. Nilifurahi. Halafu nikapeleka nakala kwa mathe, akaniuliza lile swali.

Sasa twende Paris, mwaka wa 1838. Louis Daguerre anatoa kamera yake dirishani na kupiga barabara inayoitwa Boulevard du Temple. Ilikuwa barabara yenye shughuli: majumba ya maigizo, magari ya farasi, watu kila mahali. Lakini bamba lake la fedha lilihitaji dakika kadhaa za mwanga. Kila aliyekuwa akitembea alipita kabla ya bamba kumwona. Picha ikatoka na miti, paa na barabara tupu.

Isipokuwa pembeni chini. Kuna jamaa amesimama, mguu mmoja juu, anapigwa viatu rangi. Alikaa vile vile muda wa kutosha, ndio maana akabaki. Hiyo leo huhesabiwa kuwa picha ya zamani zaidi inayojulikana kuonyesha watu. Na ukiangalia vizuri, anayeonekana vizuri zaidi ni mwenye viatu. Mpiga rangi, ambaye mikono yake ilikuwa kazini, ni kama kivuli tu.

Samuel Morse, yule wa telegrafu, ambaye pia alikuwa mchoraji, aliona kazi za Daguerre huko Paris mwaka wa 1839. Aliandika barua nyumbani Marekani akieleza hiyo ajabu: barabara inayojaa watu kila wakati imetoka bila watu, isipokuwa mmoja aliyekuwa akisafishiwa viatu. Kumbe tangu siku za kwanza kabisa watu walijua kamera inaacha nani nje.

Si ati Daguerre aliwachukia watu wa barabara. Ilikuwa kemia. Lakini matokeo ni yale yale: aliyeweza kusimama aliingia kwa historia, na aliyekuwa akifanya kazi akafutika. Na hadi leo hakuna anayejua majina ya wale wawili.

Filamu zikapata kasi, na mchana ukapona. Usiku ndio ulibaki na shida. Na waliotaka kuonyesha watu wa usiku walipata njia mbili.

Ya kwanza ni ya nguvu. Mwaka wa 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walitengeneza unga wa magnesiamu unaolipuka na kutoa mwanga mkali. Jacob Riis, mwandishi wa habari kule New York, akaubeba hadi vyumba vya maskini. Kitabu chake cha 1890, How the Other Half Lives, kilifanya watu wengi waone jinsi wahamiaji walivyokuwa wakilala, wamebanana sakafuni. Kilisaidia kuleta mabadiliko. Lakini pia aliingia usiku bila hodi na kulipua mwanga kwa nyuso za watu waliolala. Walionekana, ndio. Hawakuulizwa.

Njia ya pili ni ya subira. Brassaï alizaliwa Transylvania, akahamia Paris, na miaka ya 1930 akawa anazurura usiku na tripodi. Inasemwa kwamba alipima muda kwa sigara: Gauloise kwa kiasi fulani cha mwanga, na Boyard, iliyokuwa nene zaidi, kukiwa na giza zaidi. Kitabu chake Paris de nuit kilitoka mwishoni mwa 1932. Naye alitumia unga wa mwanga mara nyingine, lakini picha zake nyingi za watu zilihitaji wakubali kutulia. Ilibidi kwanza azungumze nao.

Nikirudi kwangu, lazima niseme ukweli. Daguerre hakuwa na chaguo. Mimi nilikuwa nalo. Lenzi yangu ina f/2, ningeweza kupiga haraka. Nilichagua sekunde 86 juu nilitaka picha "safi", na wale walioisifu kwa usafi walimaanisha kitu kimoja: haina wachuuzi, haina mikokoteni, haina foleni ya watu wanaongojea matatu ya kwenda nyumbani. Kuna watu hutumia malori na rungu kuondoa wachuuzi tao. Mimi niliwaondoa kwa kebo ya shata, na nikapewa laiki.

Na nilifanya hivyo mbele ya Archives, jengo ambalo kazi yake ni kutunza kumbukumbu za nchi. Jengo likatoka kali. Wenye kumbukumbu wakawa moshi.

Wiki iliyofuata nikarudi bila haraka. Nikamwambia mathe nataka kujaribu tena, lakini itabidi atulie kidogo. Akacheka. "Nitulie sekunde ishirini? Mahindi yataungua, kijana wangu." Tukakubaliana sekunde moja. Nikasogea karibu, nikafungua lenzi hadi mwisho, nikangoja mteja aondoke. Akaniangalia. Nikafinya.

Roli ikisafishwa, uso wake ulikuwa umetoka wazi, na mwanga wa makaa kwa kidevu. Mikono haikuacha kupepea, kwa hivyo imetoka kama ukungu juu ya jiko, sawa na yule mpiga rangi wa Paris. Nilimpelekea nakala Ijumaa.

"Sasa huyu ni mimi," akasema. "Lakini mikono umeniharibia."

Ile picha ya kwanza sijaifuta. Nimebadilisha tu maneno yaliyo chini yake: Tom Mboya, saa moja na nusu usiku, sekunde 86. Hapa palikuwa pamejaa watu.