Mkono, Mguu na Mshahara: Waliopoteza Viungo Thika na Gatuanyaga Tangu Enzi za Mkonge

Gatuanyaga ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Thika, Kaunti ya Kiambu. Iko mashariki mwa mji, kwenye barabara ya Garissa, pale ardhi inapoanza kuteremka kutoka miinuko ya kahawa kuelekea nchi kavu ya Ol Donyo Sabuk. Ukitaka kujua watu wa upande huu wamepotezaje mikono na miguu, fuata kazi walizofanya: mkonge kwanza, kisha viwanda, machimbo ya mawe, mifugo ya zizini na mwishowe pikipiki. Kila kazi ilikuja na mashine yake, na kila mashine ilikuwa na kiungo ilichokipendelea.

Mkonge ulifika Afrika Mashariki mwaka 1893, ulipoletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf. Mwanzoni mwa karne ya 20 walowezi wa Kizungu walikuwa wameupanda katika nchi ya Thika na Makuyu, na baada ya reli kufika Thika mwaka 1913 singa zilipata njia ya kwenda Mombasa. Kukata majani ni kazi ya kuchoma mikono, kwa kuwa ncha ya jani ni mwiba. Hatari kubwa zaidi ilikuwa kiwandani. Mashine za kwanza, zilizoitwa raspador, zililishwa kwa mkono. Mfanyakazi alilishika jani upande mmoja, akauingiza upande wa pili kwenye pipa lenye visu butu lililozunguka kwa kasi, akalivuta, akaligeuza na kuliingiza tena. Jani likinaswa, mkono uliochelewa kuliachia ulivutwa nalo. Mashine kubwa zilizofuata zililishwa kwa mikanda na minyororo, zikausogeza mkono mbali na pipa, ingawa aliyezibua uchafu mashine ikiwa inazunguka hakupata faida hiyo.

Aliyekatika hakupoteza mshahara peke yake. Chini ya sheria ya 1918 iliyowahusu Waafrika walioishi kwenye mashamba ya walowezi, haki ya kukaa na kulima kipande cha ardhi ilitegemea kumfanyia mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka. Mtu wa mkono mmoja asiyeweza kuzitimiza alikuwa hatarini kupoteza nyumba, shamba na malisho kwa pamoja. Ndiyo sababu ni vigumu kuwapata watu hawa kwenye kumbukumbu za wakati ule: shamba lilihesabu wafanyakazi, na aliyeondoka aliondoka pia kwenye daftari.

Vita vya Kwanza vya Dunia vinaonyesha vizuri nani alistahili mguu wa bandia na nani hakustahili. Nchini Uingereza hospitali ya Roehampton ilifunguliwa mwaka 1915 kwa ajili ya wanajeshi waliokatwa viungo, na mafundi wake wakawa maarufu duniani. Wapagazi wa Kariakoo, waliokusanywa kwa nguvu kutoka nchi ya Wakikuyu, Wakamba na kwingineko ili kubebea majeshi mizigo, walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa magonjwa. Mishahara ya wengi wa waliokufa haikuzifikia familia zao. Serikali iliyoshindwa kulipa ujira wa marehemu isingetarajiwa kumchongea mguu aliyerudi hai.

Mabadiliko yalikuja baada ya Vita vya Pili. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1940, na sheria ya viwanda ya 1950 ikawataka wenye viwanda kuziba sehemu za mashine zinazozunguka. Sheria ya fidia ilikuwa na jedwali lililopanga kila kiungo na asilimia yake ya ulemavu: mkono mzima, kiganja, kidole gumba, vidole vingine. Malipo yalikokotolewa kwa asilimia hiyo na kwa mshahara, kwa hiyo kidole cha karani kilikuwa na bei kubwa kuliko kidole cha mkata mkonge. Jedwali halikuuliza kama mtu anaishi kwa kalamu au kwa jembe.

Wakati huohuo Thika ulikuwa unageuka mji wa shule za watu wenye ulemavu. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona mwaka 1946, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 likaongeza Joytown, shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Wengi wa watoto wa mwanzo walikuwa wamepooza kwa polio, hawakukatwa viungo. Hata hivyo shule hiyo iliwazoesha watu wa Thika kuona magongo na viti vya magurudumu barabarani, jambo ambalo miji mingi ya Kenya haikulizoea kwa miaka mingi.

Siasa nazo zilianza mapema kuliko inavyokumbukwa. Mwaka 1964, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, kundi la watu wenye ulemavu liliketi nje ya Ikulu kudai serikali ya Jomo Kenyatta iwe na sera juu yao. Kamati iliundwa chini ya Eliud Ngala Mwendwa, waziri wa kazi, na kutokana nayo ukaja Waraka wa Bunge Namba 5 wa 1968 pamoja na vituo vya kufundisha ufundi. Mafunzo yalikuwa ya kushona nguo, kutengeneza viatu na useremala. Yalimfaa mtu wa mguu mmoja. Aliyepoteza mkono yalimfaa kidogo sana, maana cherehani na randa vyote vinataka mikono miwili.

Teknolojia ya kiungo bandia ilifika polepole na kupitia milango mingi. Shirika la walemavu wa viungo, APDK, liliundwa mwaka 1958 na likafungua karakana. Mwaka 1981 chuo cha TATCOT kilianza Moshi, Tanzania, kufundisha mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. Kutoka India ulikuja mguu wa Jaipur, uliobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na fundi Ram Chandra Sharma akishirikiana na daktari P. K. Sethi. Wayo wake ni wa mpira, unapinda, na mtu anaweza kuchuchumaa au kuingia shambani bila kiatu. Wanachama wa Rotary jijini Nairobi waliuleta Kenya. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kimataifa nalo lilieneza viungo vya polipropileni, plastiki ileile ya ndoo na viti, ambavyo ni vya bei nafuu na vinaweza kurekebishwa kwa joto.

Utengenezaji wenyewe umebadilika kidogo tu. Fundi hukizungushia kigutu bandeji ya plasta, huivua ikikauka, humimina plasta ndani yake kupata umbo la kigutu, hulichonga umbo hilo ili uzito uangukie mahali panapovumilia, kisha hulifunika kwa plastiki iliyotiwa moto. Kazi yote inategemea kikombe kinachopatikana hapo, kwa sababu wayo mzuri chini ya kikombe kibaya hautembeleki. Kigutu nacho hupungua katika miezi ya kwanza, kikombe kikalegea, na mwenye nacho akaanza kuvaa soksi juu ya soksi. Mtoto hukua na kuhitaji mguu mpya kila baada ya muda mfupi. Aliyekatwa chini ya goti hujifunza upesi. Aliyekatwa juu ya goti hutumia nguvu nyingi zaidi kwa kila hatua.

Mkono wa bandia ni habari nyingine. Ule wa kawaida hujaza shati na haushiki kitu, na mara nyingi huishia chini ya kitanda baada ya harusi au mazishi mawili matatu. Miaka ya hivi karibuni David Gathu na Moses Kiuna, wavumbuzi wawili wa Kikuyu waliojifundisha wenyewe, walitangazwa sana kwa mkono wa roboti waliouunda kwa vifaa vya elektroniki vilivyotupwa. Kazi yao ilistahili sifa. Lakini mkulima wa nchi kavu anahitaji kwanza chombo kisichoogopa maji, vumbi na betri kuisha, na ndoano ya chuma iliyovumbuliwa zamani bado inamfaa kuliko vidole vya roboti.

Maisha ya kila siku yana mambo ambayo jedwali la fidia halikuyafikiria. Kigutu hutoka jasho ndani ya plastiki, na nyakati za joto huchubuka. Penye udongo mweusi mvua ikinyesha magongo huzama. Choo cha shimo kinamtaka mtu achuchumae. Kiungo kisichokuwepo pia huuma: daktari Mfaransa Ambroise Paré aliyaandika maumivu hayo katika karne ya 16, na bado kuna wanaoyaficha wasije wakadhaniwa wamerukwa na akili au wamerogwa, ilhali chanzo chake ni mishipa ya fahamu na ubongo.

Baada ya uhuru vyama na makampuni ya kununua ardhi yalichukua mashamba mengi ya walowezi kati ya Thika na Ol Donyo Sabuk, bei ya mkonge ikaporomoka mbele ya nyuzi za plastiki, na ardhi ikagawanywa vipande. Ajali zikahamia nyumbani. Ng'ombe wa zizini walileta mashine ya kukatia majani, iwe ya kuzungushwa kwa mkono, ya dizeli au ya umeme, na hospitali za maeneo ya ng'ombe wa maziwa zinayajua vyema majeraha yake: vidole na viganja, mara nyingi vya vijana na watoto wanaosukuma majani ya nepia karibu na visu. Hakuna mkaguzi wa viwanda anayeingia zizini.

Sheria ya Faida za Majeraha Kazini ya 2007 iliifuta ile ya fidia ya zamani. Mwenye ulemavu kamili wa kudumu hulipwa sawa na mapato ya miezi 96, na madai huanzia kwa mkurugenzi wa usalama kazini badala ya mahakamani. Chama cha mawakili kiliipinga, na kesi ikadumu hadi Mahakama ya Juu ilipoiunga mkono Desemba 2019. Kwa miaka yote hiyo mfanyakazi aliyeumia Thika hakujua kwa uhakika mlango wa kubisha. Kibarua wa machimboni, anayelipwa jioni bila karatasi, kwanza anapaswa kuthibitisha kwamba aliajiriwa.

Misaada mingine ya serikali nayo huwaacha wengi nje. Mwenye kadi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, lililotokana na sheria ya 2003, anaweza kusamehewa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza kila mwezi. Faida hiyo ni ya mwenye mshahara mnono. Ruzuku ya shilingi 2,000 kwa mwezi imewekwa kwa ulemavu mkali unaohitaji mlezi muda wote. Mtu wa mguu mmoja anayejipikia na kujifulia huanguka katikati. Katiba ya 2010, katika ibara ya 54, inataka asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa ziwaendee watu wenye ulemavu, kwa hatua. Kwa vitendo nyingi ya nafasi hizo zimekuwa za uteuzi wa vyama, na mteule humsikiliza aliyemteua. Viti vya magurudumu hugawiwa sana majira ya kampeni, hata kwa wasiovihitaji.

Ushuru wa pikipiki ndogo ulipoondolewa mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, bodaboda zilijaa kila njia panda. Barabara kuu ya Thika, iliyojengwa kati ya 2009 na 2012, iliongeza kasi, na barabara ya Garissa hubeba malori ya masafa marefu pamoja na pikipiki hizo. Kiungo kinachopotea sasa ni mguu, hasa chini ya goti, ukiwa umesagwa kati ya pikipiki na gari. Kisukari nacho hukata miguu, polepole na bila kelele. Bima ya lazima ya pikipiki ni ya mtu wa tatu: humlinda anayegongwa, siyo mwendeshaji. Wengi huendesha pikipiki za watu wengine na kupeleka hesabu kila jioni, lakini mwenye pikipiki hajihesabu kuwa mwajiri.

Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, iliyotiwa saini Mei 2025, inawataka waajiri wenye wafanyakazi 20 au zaidi kutenga asilimia 5 ya ajira. Steji ya pikipiki haina mwajiri. Kwa hiyo bili ya hospitali na mguu wa bandia wa kwanza wa mwendeshaji aliyeumia hulipwa kwa mchango wa wenzake, ndugu na kanisa, na pikipiki hupewa kijana mwingine. Kazi zinazobaki kwa aliyekatika ni za kuketi: kutengeneza simu, kushona viatu, au kuwa wakala wa M-Pesa, huduma iliyoanza 2007 na ambayo mtaji wake ni pesa taslimu, simu na kibanda. Mguu wa pili, ule wa kwanza ukishalegea, hununuliwa kwa faida ya kibanda hicho.