Fomu peke yake haitoshi

Mwezi uliopita binti wa jirani yangu aliniletea fomu zake za kuomba nafasi ya kusomea udaktari wa meno. Mwaka jana alikataliwa. Alama zake za Biolojia na Kemia ni nzuri, lakini nilipomwuliza kama amewahi kusimama kando ya kiti cha mgonjwa japo siku moja, aliinamisha kichwa. Nikamsimulia habari za Lucy Hobbs, na leo nawasimulia ninyi.

Huyu alikuwa Mmarekani, mzaliwa wa jimbo la New York mwaka 1833. Alifundisha shule kwa takriban miaka kumi, kisha mwaka 1859 akaenda Cincinnati kuomba nafasi katika chuo cha tiba. Akaambiwa mwanamke hapokelewi. Mwalimu mmoja wa chuo hicho alimfundisha faraghani, akamshauri ageukie meno. Akajifunza kwa Jonathan Taft wa Chuo cha Meno cha Ohio, halafu akawa mwanagenzi wa Daktari Samuel Wardle. Mwaka 1861 akaomba nafasi katika chuo cha Ohio. Akakataliwa tena, kwa sababu ile ile.

Je, aliketi kulia? Hasha! Siku zile mtu aliweza kutibu meno bila shahada. Akafungua chumba chake mwenyewe cha kutibia, baadaye akahamia jimbo la Iowa. Wenzake wakaiona kazi yake. Julai 1865 Chama cha Madaktari wa Meno cha Iowa kilimpokea kuwa mwanachama, kikamtuma kuwa mjumbe katika mkutano wa taifa mjini Chicago. Novemba mwaka huo huo, mlango wa Ohio ukafunguka. Kwa kuwa miaka yake ya kazi ilihesabiwa, alisoma miezi michache tu, na Februari 1866 akawa mwanamke wa kwanza nchini Marekani kupata shahada ya udaktari wa meno.

Sisemi kwamba bidii hufungua kila mlango. Kosa lilikuwa la chuo, si lake, na bila watetezi huenda angebaki nje. Lakini watetezi hao hawakushuka kutoka mbinguni. Walimtetea kwa sababu walikuwa wameiona mikono yake ikifanya kazi.

Basi nikamwambia binti yetu: nenda kliniki ukaombe kushinda pale, hata kama ni kupanga kadi za wagonjwa. Zoeza vidole vyako kazi ndogo ndogo, kama kushona au kuchonga. Barua ya kukupendekeza iandikwe na mtu aliyekuona kazini, si mkubwa atakayelisoma jina lako kwenye fomu. Wala usiandike tu kwamba unapenda kusaidia watu. Kila mwombaji huandika hivyo. Andika ulichokiona.

Jumatatu iliyofuata alianza kwenda. Fomu hajazijaza bado, lakini juzi alikaa kibarazani kwangu saa nzima akinieleza jinsi mtoto mmoja alivyobembelezwa hadi akafumbua kinywa. Sasa ana la kuandika.