Jasho la jikoni na kesi ya Bi Hawa

Mabibi harusi. Tukishona magauni hapa Kasokola, Mpanda, tunaulizwa: nikiachwa, kazi zangu za nyumbani zina hesabu? Msiulize mashoga. Someni hukumu ya 1983, Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mahakama za chini zilimwona mke tu, nyumba si yake. Mahakama ya Rufani, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, ikasema kazi za nyumbani ni mchango. (Mwenyewe hakuambulia kitu, fedha za mradi alizopewa na mumewe alizitapanya!) Sheria hiyo ni ya bara, huko visiwani ni kwa Kadhi. Sisi tunaanzia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, cheti cha ndoa mkononi. Tangu 2017 sheria inawatambua wasaidizi wa kisheria, na asiye na uwezo halipi.