Mita Mia Nne: Historia Fupi ya Kipimo cha Kiwanja

Anayepita Kawe leo, katika Manispaa ya Kinondoni, Dar es Salaam, huona vigumu kuamini kwamba hapa palikuwa shamba. Kabla ya kiwanda cha Tanganyika Packers kuanza kusindika nyama ya kopo baada ya Vita Kuu ya Pili, Kawe ilikuwa kimojawapo cha vijiji vya mwambao vilivyofuatana kutoka Msasani hadi Kunduchi, wenyeji wake wakiishi kwa uvuvi, minazi na mihogo. Mpaka wa shamba ulikuwa mnazi au safu ya minyaa, na shahidi wa mpaka alikuwa jirani. Mtu alipofariki, warithi walikaa kitako wakagawana kwa kanuni za mirathi. Hakuna aliyeuliza fungu dogo kabisa linaloruhusiwa ni kiasi gani. Swali hilo lililetwa na mji.

Wajerumani waliweka kanuni za ujenzi za Dar es Salaam mwaka 1891, wakatenga mitaa kwa aina ya majengo. Waingereza waliurithi mtindo huo, na mwaka 1924 wakaugawa mji katika kanda tatu. Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa, haikufaa ubaguzi wa rangi uandikwe waziwazi sheriani. Basi ukaandikwa kwa lugha ya vipimo na matofali. Ndivyo zilivyozaliwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, majina ya kanda yalifutwa karatasini, lakini vipimo vilibaki vikiitwa ujazo mdogo, ujazo wa kati na ujazo mkubwa.

Kanuni za mwaka 1997 zinaonyesha urithi huo bila ya kificho. Kiwanja cha ujazo mkubwa kilitakiwa kiwe baina ya mita za mraba 400 na 800. Cha ujazo wa kati baina ya 801 na 1,600. Cha ujazo mdogo baina ya 1,601 na 4,000. Cha juu kabisa ni karibu ekari nzima, nacho kinatosha viwanja kumi vya chini. Ukubwa wa uwanja ulikuwa bado unapima ukubwa wa mtu.

Tusiwadhulumu wapimaji, hata hivyo. Hoja yao ina uzito. Mahali pasipo na bomba la maji machafu, kila nyumba huchimba choo chake, na choo kikikaribiana na kisima, maradhi ya kipindupindu hayako mbali. Gari la zimamoto lataka njia, na watoto wanataka pa kuchezea. Anayetetea kima cha chini hutetea afya, wala hasemi uongo.

Lakini upande wa pili nao una hesabu yake. Kiwanja kikiwa kikubwa, barabara na bomba huwa refu, gharama hupanda, na viwanja vinavyopimwa huwa vichache kuliko watu wanaovihitaji. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 ilikwisha kukiri kwamba ukubwa wa viwanja ulipaswa kutazamwa upya ili miji isiendelee kutambaa juu ya mashamba. Mwaka 2006 msomi wa masuala ya ardhi, J. M. Lusugga Kironde, aliandika kwamba viwango vya juu vya kanuni vilikuwa miongoni mwa sababu za kuenea kwa makazi yasiyopangwa. Hata mradi mkubwa wa viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002 na kufika Bunju, Mbweni, Kibada na Gezaulole, uliwafaa zaidi wenye fedha kuliko wakulima ambao mashamba yao yalipimwa.

Wakati huohuo, shamba lilikatwa bila ya kumngoja mpimaji. Muuzaji na mnunuzi walihesabu hatua, mjumbe wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa akashuhudia, karatasi ikagongwa muhuri. Nyumba ikasimama juu ya mita 200, au hata 150. Kipimo cha sheria hakikukizuia kiwanja kidogo kisizaliwe. Kilikinyima jina tu. Mwenye nacho, aliyelipa fedha halali kwa mrithi halali, akaitwa mvamizi.

Sisi wa visiwani tusiwacheke ndugu zetu wa ng'ambo ya pili. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ya Zanzibar iliwagawia wananchi ardhi eka tatu tatu, na sheria haikuruhusu eka hizo zikatwe kwa hiari ya aliyepewa. Nia ilikuwa njema: familia ile, iendelee kuwa na shamba. Lakini baba mwenye eka tatu alizaa watoto saba, nao wakazaa, na mji ukasogea. Leo pembezoni mwa mji wetu ziko eka tatu nyingi zilizokwisha kuwa mitaa, nyumba ukuta kwa ukuta, na makaratasi yake hayasemi lolote juu ya yaliyotokea.

Kanuni zilizofuata Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 zilipunguza vipimo vya bara, na hilo ni jema. Hata hivyo, mjadala wa namba peke yake hautufikishi mbali. Historia ya Kawe yatufundisha kwamba kima cha chini kina maana pale tu anayekiweka anapokubali pia kuleta kinachokosekana: bomba, mtaro, njia, na mpimaji anayefika kabla ya mnunuzi. Asipoleta hivyo, warithi wa shamba la minazi watagawana kama walivyogawana babu zao, nao watakuwa na haki mbele ya ukoo wao na makosa mbele ya serikali yao. Nchi isiyoweza kuzipatanisha hukumu hizo mbili itaendelea kuwavunjia watu nyumba walizozijenga kwa jasho lao.