Kinywaji cha Noeli na Bonana katika Milima ya Masisi

Historia za vyakula na vinywaji vya sikukuu zimeandikwa zaidi kwa kutazama meza ya mnywaji kuliko shamba la mzalishaji. Makala haya yanachunguza kinywaji cha ndizi katika milima ya Masisi, Kivu ya Kaskazini, hususan maeneo kama Bihambwe, katika barabara ya kutoka Sake kwenda Masisi. Hoja yake ni kwamba kinywaji hiki hudai kitu kimoja kisichouzwa sokoni, nacho ni siku kadhaa za utulivu.

Ulinganisho mfupi na Ulaya unafaa. Huko, Krismasi huangukia majira ya baridi, na matunda huchemshwa pamoja na sukari, mdalasini na karafuu. Jina punch lenyewe huhusishwa kwa kawaida na neno la Kihindi lenye maana ya tano, yaani idadi ya viungo vyake vya asili. Katika karne ya 19 karafuu nyingi zilitoka Unguja na Pemba, katika mashamba yaliyostawishwa enzi ya Sayyid Said kwa kazi ya watumwa. Biashara iyo hiyo ya pwani, kwa misafara ya pembe za ndovu na watumwa, ilikifikisha Kiswahili mashariki ya Kongo. Lugha ilipanda bara. Karafuu ilivuka bahari.

Masisi haina majira ya theluji, ingawa usiku wa milimani ni wa baridi. Noeli na Mwaka Mpya, ambao kwa Kiswahili cha Kongo huitwa Bonana kutokana na salamu ya Kifaransa, hupokewa kwa kinywaji cha zao ambalo nalo asili yake ni ng'ambo ya Bahari ya Hindi: ndizi. Katika utayarishaji wake, moto hutangulia. Shimo huchimbwa na kupashwa moto, majani ya migomba hutandikwa, kisha ndizi mbichi hupangwa na kufunikwa kwa majani na udongo. Baada ya siku tatu hadi tano huwa zimeiva. Humenywa, hukandwa pamoja na nyasi hadi zitoe maji, kisha huchujwa. Maji hayo matamu, mutobe, hunywewa hata na watoto. Yakitiwa unga wa mtama uliokaangwa na kuachwa yachache kwa siku moja hadi tatu, huwa kasiksi. Hivyo joto ambalo Mzungu hulitia mwishoni, katika kikombe, hapa hutiwa mwanzoni, ardhini.

Kinywaji hiki ni cha wengi. Wahunde walikuwa na migomba yao. Nazo familia zilizohamishwa kutoka Rwanda na utawala wa Kibelgiji kati ya 1937 na 1955 zilikuja na ujuzi unaofanana nao. Ardhi ilizua mashindano, na mwaka 1993 mapigano yalianza Walikale na kuenea Masisi. Hata hivyo, ufundi wa shimo la ndizi haukuwa mali ya upande mmoja. Yeyote anayetaka kuthibitisha kwamba jamii hizi hazikuwa na urithi wa pamoja itambidi kwanza aueleze mtungi huu.

Pigo la pili lilitoka mgombani. Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa bakteria uligunduliwa Masisi. Huenezwa na wadudu wanaotembelea ua la kiume na kwa mapanga yasiyosafishwa. Ndizi za mgomba mgonjwa huiva kabla ya wakati, na nyama yake huoza, hazifai kukamuliwa. Wakulima hushauriwa kulivunja ua hilo mapema kwa kijiti chenye panda, na kuondoa mashina yaliyougua. Ushauri huo ni mwepesi kwa mtu anayelala karibu na shamba lake. Kwa aliyekimbia ni maneno tu.

Hapo ndipo maana ya kihistoria ya kinywaji hiki inapoonekana. Chai ya tangawizi huweza kuchemshwa hata kambini, kwa nusu saa. Kasiksi huhitaji takriban wiki nzima, shamba lililotunzwa na jirani wa kusaidia kukanda. Vita vilivyorudi na kundi la M23 kuanzia mwishoni mwa 2021 vimewahamisha watu wengi wa milima hii. Mahali ambapo shimo la ndizi linafunikwa kabla ya Noeli, watu wameamini kwamba watakuwapo kulifunua.