Miaka 200 ya suruali ya mpira iliyomwingiza mvuvi mtoni

Samoni wa Mto Spey, kaskazini mwa Uskoti, hakai kando. Hujibanza katikati ya mkondo nyuma ya miamba, na mvuvi aliyesimama ukingoni ana miti mgongoni inayonasa kila uzi anaourusha. Anayemtaka samaki huyo sharti aingie majini. Msimu hufunguliwa Februari, theluji ikiwa bado milimani na maji yakikaribia kuganda.

Uvuvi wenyewe ni wa nzi bandia: ndoano ndogo hufungwa manyoya na nyuzi hadi ifanane na mdudu, kisha hurushwa kwa uzito wa uzi. Kitabu cha Izaak Walton kilichousifu uvuvi wa ndoano kilitoka London mwaka 1653, na kwa karne nyingi aliyetaka kusimama mtoni hakuwa na kinga zaidi ya buti ndefu za ngozi zilizopakwa mafuta. Ngozi hunywa maji, huwa nzito, na ikikauka hukakamaa. Kilichotafutwa tangu hapo ni kitu bora kuliko ngozi, na kila kilichopatikana kilileta tatizo ambalo halikuwapo. Ndiyo maana naamini mnunuzi wa leo anayezijua hatua hizo huchagua vizuri kuliko anayetazama bei tu.

Hatua ya kwanza ilipigwa Glasgow. Mwaka 1823 Charles Macintosh alipewa hataza ya kitambaa kisichopenya maji. Aliyeyusha mpira kwa nafta, iliyotokana na lami ya viwanda vya gesi, akaupaka kati ya vitambaa viwili na kuvibana pamoja. Maji yalizuiwa kweli. Lakini wakati wa baridi nguo ilikuwa ngumu kama ubao, na jua likiwaka ilinata na kunuka. Marekani, Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba mpira uliopashwa moto pamoja na salfa haulainiki kwa joto wala haukakamai kwa baridi. Thomas Hancock naye alipata hataza ya njia hiyo Uingereza. Viwanda vikafuata: Hiram Hutchinson akaanza kutengeneza buti za mpira Ufaransa mwaka 1853, na Henry Lee Norris akafungua kiwanda Edinburgh mwaka 1856, karibu kabisa na mito ya samoni.

Baada ya hapo ndipo vazi lenyewe lilipopata umbo tunalolijua. Mvuvi wa Kiingereza wa mwishoni mwa karne ya 19 alivaa soksi ndefu za kitambaa chenye mpira zilizofika mapajani, au suruali nzima iliyopanda hadi kifuani. Juu yake alivaa soksi nene za sufu, kisha viatu vya ngozi vyenye misumari kwenye soli. Sufu hiyo haikuwa ya kutafuta joto pekee. Mchanga ukiingia kati ya kiatu na mpira hukwaruza kila unapopiga hatua, na tundu dogo kama la sindano linatosha kukulowesha mguu mzima. Hata leo suruali nyingi hushonewa kipande mguuni cha kufunika mdomo wa kiatu, kwa sababu hiyo hiyo.

Siwezi kuueleza mpira wa enzi hiyo bila kusema ulitoka wapi. Mwanzoni ulitoka Amazon. Mahitaji yalipopanda, hasa baada ya mvumbuzi Dunlop kuleta tairi la upepo mwaka 1888, wanunuzi waligeukia Afrika. Kilwa na Lindi zilisafirisha mpira wa porini uliogemwa bara. Huko Kongo, chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji kati ya 1885 na 1908, wanavijiji walilazimishwa kuingia msituni kugema mitambaazi ya mpira. Waliposhindwa kufikisha kiasi kilichotakiwa walichapwa viboko, wake zao wakashikwa mateka, na askari wakakata watu mikono. Mpira huo ulipofika soko la Antwerp ulichanganyika na mwingine, na mnunuzi wa tairi, mkanda wa mtambo au buti hakuulizwa kama alijua. Kila simulizi la raha ya mtoni linalopita hapo kimya lina pengo.

Wakati huohuo raha hiyo ilikuwa inahamia Afrika Mashariki. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta mayai ya trauti kutoka Uskoti, na samaki wakaingizwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya. Baadaye trauti walienezwa katika mito ya Mlima Kenya, na kituo cha kuwazalisha kikajengwa Kiganjo karibu na Nyeri. Kenya pia imekuwa na mafundi stadi wa kufunga nzi bandia, na kazi ya mikono yao husafirishwa kwenda kuuzwa Ulaya na Marekani.

Suruali hizo zilivaliwa pia na wawindaji wa bata wa Marekani, ila wao walikuwa na shida tofauti. Mvuvi hutembea, mwindaji husubiri. Katika misitu iliyofurika maji karibu na Stuttgart, jimbo la Arkansas, mtu husimama kabla ya mapambazuko kando ya mti wa mwaloni, maji yakimfika mapajani, akitulia hadi bata washuke. Mpira mtupu ulizuia maji lakini haukuzuia baridi. Huko Maine, Leon Leonwood Bean alikuwa amejaribu mwaka 1912 kuunganisha soli ya mpira na ngozi kwa ajili ya wawindaji wa nchi kavu. Kati ya jozi 100 za kwanza, 90 zilirudishwa kwa kuchanika mshono, naye akawarudishia wateja fedha zao. Dawa ya baridi ya majini ilitoka maabara ya kampuni ya DuPont, ambako niopreni, mpira wa kutengenezwa, iligunduliwa mwaka 1930. Ilipokuja kutengenezwa ikiwa na vipovu vidogo vya hewa, kwanza kwa wapiga mbizi na baadaye kwa suruali za mtoni, mwindaji alipata vazi linalotunza joto la mwili. Hadi leo niopreni ya milimita 5 yenye buti zilizounganishwa nayo ndiyo inayomfaa anayesimama tuli kwenye maji ya barafu. Ukiivaa kwa safari ya kilomita kadhaa ukipanda mto, utalowa kwa jasho lako mwenyewe.

Hofu moja iliwaandama wote: kwamba suruali ikijaa maji humvuta mtu chini. Lee Wulff, mvuvi mashuhuri wa Marekani, aliona hofu hiyo inaua kuliko maji yenyewe, kwa kuwa anayeamini amekwisha huacha kupigana. Akajirusha kutoka darajani akiwa amevaa suruali yake, akaelea na kuogelea hadi ukingoni. Hoja yake ni fizikia ya kawaida: maji yaliyo ndani ya suruali hayana uzito wowote yakiwa ndani ya maji mengine. Uzito huja unapojaribu kutoka, ukiwa umebeba ndoo kadhaa miguuni, na mkondo hukamata suruali iliyotuna. Kwa hiyo mkanda wa kiunoni, uliokazwa vizuri nje ya suruali, ni kifaa cha kuokoa maisha. Wapo wanaoununua kisha wanauacha garini, nami nauhesabu huo kuwa uzembe.

Jasho lilipata jibu baadaye. Mwaka 1969 Bob Gore aliuvuta kwa nguvu ufito wa plastiki ya PTFE uliopashwa moto, ukarefuka mara nyingi bila kukatika. Kikatokea kitambaa chenye matundu madogo mno kwa tone la maji, lakini makubwa ya kutosha kwa mvuke wa jasho. Kampuni ya Simms ya Montana ilikuwa miongoni mwa waliokipeleka mtoni katika miaka ya 1990, na wavuvi wengi wakaachana na niopreni. Vazi hili ni jepesi, ila halina joto la kwake. Nguo za sufu za ndani ndizo zinazokupasha. Ukitaka kujua limetobokea wapi, ligeuze nje ndani na upake spiriti. Palipo na tundu patatokea doa jeusi, na tone la gundi litamaliza kazi.

Soli nayo ina kisa chake. Felti, yaani sufu iliyogandamizwa, hushika mwamba wenye utelezi kuliko mpira, ikapendwa kwa miongo mingi. Lakini haikauki haraka. Mwaka 2004 mwani wa didymo ulionekana kwenye mito ya Kisiwa cha Kusini, New Zealand, ukitandaza utando mzito juu ya mawe, na mwaka 2008 nchi hiyo ikapiga marufuku soli za felti. Alaska ilifuata mwaka 2012. Vermont nayo iliweka marufuku kisha ikaiondoa, baada ya watafiti kuonyesha kwamba katika mito kadhaa ya Amerika Kaskazini mwani huo ulikuwapo tangu zamani, na kinachousababisha kufumuka ni upungufu wa fosforasi majini. Hata hivyo New Zealand mwani huo haukuwapo kabla, na huko chembe moja iliyobebwa na kiatu ingetosha.

Kwetu mito ya trauti ni michache, na Gura humwaga maji yake kwenye Tana. Mwenye kambi au mwongoza wageni katika Aberdare na Mlima Kenya ana haki ya kumwomba mgeni, kabla hajaingia mtoni, aoneshe suruali na viatu vilivyosafishwa na kukauka kabisa. Aombe bila haya, na mgeni anayekataa abaki ukingoni.